Simu na afya: Hatari haiko mnarani, iko kitandani na barabarani

KABLA jua halijachomoza katika mashamba ya Igembe, kaunti ya Meru, simu za mkononi huwa zimekwisha kulia mara nyingi. Mnunuzi aliye Nairobi anataka kujua bei ya asubuhi, mkulima anawatafuta wachumaji, naye dereva wa pikapu anayesubiri Maua au Laare anaulizia mzigo. Miraa ni zao lisilovumilia kuchelewa. Kathinoni, kemikali inayompa mlaji uchangamfu, huanza kupungua punde tu tawi linapokatwa, na baada ya saa 48 hivi thamani ya kibunda huwa imeshuka mno.

Mambo hayatofautiani sana katika nyanda za Mbeere, kaunti ya Embu, ambako muguka huchumwa na kusafirishwa kwa haraka iyo hiyo. Kwa wakazi wa pande zote mbili, simu si pambo. Ni soko, ni posta, na tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007, ni benki pia. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 1,545,714 Meru na 608,599 Embu. Kitaifa, sensa hiyo ilionyesha kuwa karibu nusu ya Wakenya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi walikuwa na simu zao wenyewe.

Ndiyo maana suala la madhara ya simu kwa afya halifai kujibiwa kijuujuu. Mkulima hawezi kuambiwa aiweke simu kando pasipo kuelezwa ni kipi hasa kinachomdhuru. Na hapa ndipo penye tatizo: hofu nyingi imeelekezwa kwenye minara na saratani, ilhali madhara yenye ushahidi mzito yamo katika usingizi uliopotea, katika usukani, masikioni na katika fedha za kamari.

Mnara na mionzi

Hofu ya mionzi ilikuja pamoja na simu zenyewe. Kampuni za Safaricom na Kencell zilipoanza kupanua huduma zao kuanzia mwaka wa 2000, minara iliota juu ya vilima na kando ya masoko, na maswali yakaota pamoja nayo. Sehemu nyingi nchini wakazi wamepinga kujengwa kwa mnara karibu na nyumba au shule. Wana haki ya kuuliza, kwani sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 inahitaji athari za mradi kama huo zitathminiwe kabla ya ujenzi. Lakini ni vyema kufahamu kinachoulizwa.

Simu ya mkononi ni redio ndogo inayotuma na kupokea. Mawimbi yake ni ya ukoo mmoja na yale yanayoleta taarifa ya habari sebuleni, na yako mbali sana na eksirei. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala zima. Eksirei, na hata ile sehemu ya miale ya jua inayounguza ngozi, ina nishati ya kutosha kuharibu chembe za urithi ndani ya seli, na hapo ndipo saratani hupata mwanya. Mawimbi ya simu hayana nguvu hiyo. Jambo lililothibitishwa kwamba yanaweza kulifanya mwilini ni kupasha joto, na viwango vinavyoruhusiwa kimataifa vimewekwa chini sana ya kiwango ambacho joto hilo lingedhuru. Kwa kichwa, kiwango hicho ni wati 2 kwa kila kilo moja ya mwili. Moto ambao mtu huuhisi sikioni baada ya mazungumzo marefu hutokana hasa na betri, na vilevile na ngozi iliyofunikwa isipate hewa.

Kuhusu mnara, Shirika la Afya Ulimwenguni, WHO, lilieleza mwaka wa 2006 kwamba vipimo vilivyofanywa karibu na minara vilionyesha mawimbi ya kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya kiwango cha usalama kinachotambuliwa kimataifa. Shirika hilo liliongeza jambo ambalo wengi hawalitarajii: mawimbi ya FM na ya televisheni yakiwa na nguvu sawa na ya mnara wa simu, mwili hufyonza yale ya FM na televisheni hadi mara tano zaidi. Mitambo ya redio imekuwapo kwa miongo mingi, na ni wachache waliowahi kuiandamania.

Kuna kinaya kingine. Simu hupunguza nguvu zake inapokuwa karibu na mnara, na kuziongeza mnara unapokuwa mbali. Mtu anayeongea kutoka bonde lenye mawimbi hafifu, awe pembezoni mwa Mbeere au ndani ya Igembe Kaskazini, anakiweka karibu na kichwa chake chombo kinachojikakamua kufikia mnara wa mbali. Kijiji kinachoufukuza mnara kwa kuogopa mionzi kwa hivyo huenda kikaongeza mionzi inayowafikia wakazi wake kutoka mifukoni mwao wenyewe, ijapokuwa hata hiyo bado iko ndani ya viwango.

Neno saratani lilipata uzito Mei 2011. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO na lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliyaweka mawimbi ya aina hii katika kundi la 2B, yaani la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Vichwa vya habari duniani vililichukua neno "huenda" na kulitupilia mbali. Kundi hilo ni la vitu ambavyo ushahidi wake ni haba, wala halipimi ukubwa wa hatari. Baadaye liliongezewa maji yaliyokamuliwa kutoka jani zima la mshubiri, mmea ambao si wachache wanaounywa kama dawa.

Uamuzi wa 2011 ulitegemea kwa sehemu kubwa utafiti uitwao Interphone, uliofanywa katika mataifa 13 na kutolewa mwaka wa 2010. Kwa jumla haukupata ongezeko la uvimbe wa ubongo miongoni mwa watumiaji wa simu. Ila kwa asilimia 10 waliotumia simu kuliko wengine wote, saa 1,640 au zaidi kwa jumla, uwezekano wa kupata uvimbe wa aina ya glioma ulionekana kuwa juu kwa asilimia 40. Watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba wagonjwa walitegemea kumbukumbu zao, na baadhi walitaja saa za maongezi zisizoweza kuaminika.

Ushahidi uliokusanywa tangu wakati huo umeelekea upande mmoja. Uchunguzi uliofuatilia wanawake wapatao 776,000 nchini Uingereza, uliotolewa mwaka wa 2022, haukuona tofauti kati ya watumiaji na wasiotumia. Utafiti wa mataifa 14 kuhusu vijana wa miaka 10 hadi 24, uliochapishwa mwaka uo huo, haukupata dalili kwamba simu huwaletea uvimbe wa ubongo. Mwaka wa 2024, uchambuzi ulioagizwa na WHO na kuongozwa na wataalamu wa Australia ulipitia tafiti 63 na kukosa uhusiano wowote kati ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliozitumia kwa zaidi ya miaka 10. Anayetaka tahadhari zaidi anaweza kutumia vipokea sauti vya masikioni au kipaza sauti cha simu, kwa kuwa sentimita chache tu kutoka kichwani hupunguza mawimbi kwa kiwango kikubwa. Haigharimu kitu.

Usingizi unaoibwa

Madhara ya usiku ni habari tofauti. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa nane hadi kumi. Mwili hujiandaa kulala kwa kutoa homoni ya melatonini giza linapoingia. Ndani ya jicho mna chembe maalumu zisizohusika na kuona vitu, bali kuueleza ubongo iwapo ni usiku au mchana, na chembe hizo huathiriwa zaidi na mwanga wa rangi ya samawati, ambao skrini za simu huutoa kwa wingi.

Mwishoni mwa 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha watu 12. Waliosoma kwenye kifaa chenye mwanga kwa saa kadhaa kabla ya kulala walichelewa kupata usingizi kwa dakika kama 10 wakilinganishwa na usiku waliposoma kitabu cha karatasi, na melatonini yao ilichelewa kwa takriban saa moja na nusu. Dakika 10 si nyingi, na baadhi ya wataalamu sasa wanasema mwanga umelaumiwa kupita kiasi. Mwizi mkubwa zaidi ni kile kilichomo ndani ya simu: ujumbe unaosubiriwa, ubishi katika kundi la WhatsApp, video inayofuatwa na nyingine bila kuitwa, matokeo ya mechi iliyowekewa dau. Mwanga huuambia ubongo kuwa ni mchana. Yaliyomo huupa sababu ya kuamini.

Hapa ndipo Meru na Embu zinapopaswa kutazamwa kwa jicho la pekee. Kathinoni iliyo katika miraa na muguka hufanya kazi mfano wa dawa za kusisimua mwili za jamii ya amfetamini. Hufukuza usingizi, huongeza mapigo ya moyo na kupandisha shinikizo la damu. Kijana anayetafuna jioni akiwa na simu mkononi anakutana na vichochezi viwili vinavyosaidiana: majani humnyima usingizi, nayo simu huzijaza saa zinazobaki wazi. Saa tisa za usiku zikimkuta macho hana haja ya kujiuliza muda umeendaje. Asubuhi huamka mchovu, na dawa iliyo karibu ya uchovu huo ni kutafuna tena.

Ukosefu wa usingizi wa muda mrefu umehusishwa na shinikizo la damu, kisukari, unene wa kupindukia, msongo wa mawazo na ajali. Mgonjwa anayefika kliniki akilalamikia kuumwa na kichwa au mapigo ya moyo kwenda mbio anaweza kuulizwa kuhusu miraa asiulizwe kuhusu simu, au kinyume chake. Katika kaunti hizi mbili maswali hayo yanafaa kwenda sako kwa bako.

Kwa mfanyabiashara ambaye maisha yake yanategemea simu ya alfajiri, kuizima usiku kucha si ushauri bali ni kejeli. Lililo rahisi ni kuiamuru ilie kwa nambari chache tu, kisha kuiweka upande wa pili wa chumba. Simu nyingi za kisasa zina mpangilio huo. Mlio wa mnunuzi utasikika, na mzaha wa kundini utangoja kupambazuke.

Kwa wanafunzi, ugumu huja likizoni. Shule za bweni haziruhusu simu, hivyo Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka huwa majira ya kulipiza. Aidha, shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2021 kwa sababu ya COVID-19, simu ya mzazi iligeuka darasa, na katika nyumba nyingi haikurudi tena mikononi mwa mzazi kama zamani. Kwa watoto wa chini ya miaka miwili, WHO ilipendekeza mwaka wa 2019 wasikalishwe mbele ya skrini kabisa. Wenye miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku. Sababu kuu si sumu iliyo ndani ya kioo, bali michezo, maongezi na usingizi ambao mtoto hunyimwa akiwa ametulizwa kwa simu ili mama apate nafasi ya kupika.

Macho, shingo na masikio

Macho hayapofushwi na simu. Kwa kawaida mtu hupepesa kope mara kama 15 kwa dakika, lakini akikodolea skrini idadi hiyo hushuka sana, macho yakakauka na kuwasha. Kuyainua kila baada ya dakika 20 na kutazama kitu kilicho mita sita au zaidi kwa sekunde 20 hupunguza kero hiyo. Kutoona vizuri vitu vilivyo mbali ni jambo zito zaidi kwa watoto, na tafiti zimeonyesha mara kwa mara kuwa kucheza nje mchana huwakinga.

Shingo imetajwa sana tangu mwaka wa 2014, daktari mmoja wa upasuaji wa New York alipokokotoa kwamba kichwa kilichoinamishwa kwa nyuzi 60 huielemea shingo kwa uzani wa kilo 27, sawa na debe moja na nusu la mahindi. Hesabu hiyo imezunguka dunia nzima, ingawa ilikuwa ya kielelezo cha kompyuta wala haikutokana na kupima wagonjwa. Shingo za akina mama wa Meru na Embu zimebeba kuni na maji kwa ukanda wa kichwani, mizigo mizito kuliko hiyo, kwa vizazi na vizazi, na hakuna aliyeiandikia dunia kuzihusu. Maumivu ya shingo na ya kano za kidole gumba kwa wanaoandika sana kwenye simu ni ya kweli, lakini mengi hutulia mtu akibadilisha mkao na kupumzisha mkono.

Masikio ndiyo yasiyosamehe. Chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa, hazioti tena. WHO ilikadiria mwaka wa 2015 kwamba vijana bilioni 1.1 duniani wamo hatarini kwa sababu ya muziki wa sauti ya juu, ukiwamo wa simu. Sauti ya desibeli 80 inaweza kusikilizwa kwa saa 40 kwa juma bila madhara. Ikipanda hadi 90, muda huo hushuka hadi saa nne tu. Abiria anayepandisha sauti ya vipokea sauti ili kuushinda muziki wa matatu hupita kiwango hicho kabla ya juma kufika katikati, na mlio wa ndani ya sikio unaobaki baada ya kuvitoa ndio onyo la kwanza.

Usukani

Barabara ya Embu kwenda Meru hupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu ikipanda na kushuka mabonde ya mito inayotoka Mlima Kenya. Ni barabara isiyompa dereva nafasi ya kukosea. Katika daraja la Nithi, Julai 24, 2022, basi lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakafariki. Lililotajwa wakati ule ni breki, si simu, lakini eneo lile linaonyesha jinsi muda wa kujiokoa ulivyo mfupi katika miteremko hiyo.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri mita 111 kwa sekunde tano, muda unaotosha kusoma ujumbe mfupi. Mita 111 ni urefu unaozidi ule wa uwanja wa kandanda, na dereva huwa ameupita bila kutazama mbele. WHO inakadiria kwamba anayetumia simu akiendesha ana uwezekano wa kupata ajali mara nne zaidi ya asiyetumia. Kuongea bila kuishika simu hakuondoi hatari hiyo, kwa kuwa kinachokosekana si mkono bali ni mawazo.

Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka wa 2016 ziliweka faini ya Sh2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa mwendoni. Kwa dereva wa pikapu ya miraa anayepigiwa simu kila mara aseme amefika wapi, faini hiyo haina makali ya kumshinda mteja. Mhudumu wa bodaboda naye huibana simu kati ya kofia na sikio, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani na abiria wawili nyuma. Wanaowapigia wanajua kwamba wako barabarani, na ndiyo sababu wanapiga. Lawama hii haiwezi kubebwa na madereva peke yao.

Simu, kamari na akili

Utafiti wa kampuni ya GeoPoll wa mwaka wa 2017 ulionyesha kuwa asilimia 76 ya vijana wa Kenya waliohojiwa walikuwa wamewahi kucheza kamari, na wengi wao walitumia simu. Kamari ilikuwapo tangu zamani, ila zamani mchezaji alilazimika kutoka nyumbani, na duka la kamari lilikuwa na saa za kufunga. Simu iliondoa mlango huo. Mikopo ya papo kwa hapo, iliyoanza kuenea baada ya M-Shwari kuzinduliwa Novemba 2012, ikaondoa mwingine: aliyeishiwa anaweza kukopa na kupoteza bila kuinuka kitandani. Bei ya miraa inapoanguka, kama ilivyokuwa Uingereza ilipoipiga marufuku Juni 2014 na Somalia ilipofunga soko lake kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, kishawishi cha kurudisha fedha kwa dau moja huwa kikubwa zaidi.

Uraibu wa kamari unatambuliwa kimataifa kama ugonjwa. Mwaka wa 2019 WHO iliongeza uraibu wa michezo ya kielektroniki katika orodha yake rasmi ya magonjwa, ambayo ilianza kutumika Januari 2022. Uraibu wa simu yenyewe haumo. Hilo si jambo dogo, kwa sababu mzazi anayemwona mwanawe ameinamia simu usiku na mchana hawezi kujua tatizo kwa kuhesabu saa. Kijana mmoja anaweza kukesha akisoma, mwingine akiuza, mwingine akikopa ili acheze tena.

Daktari wa afya ya akili huuliza mambo mengine: je, mtu huyu amejaribu kuacha akashindwa? Anaendelea hata baada ya kupata hasara? Ameacha kazi, masomo, chakula au marafiki kwa ajili yake? Kwa michezo ya kielektroniki, hali hiyo kwa kawaida huhitajika iwe imedumu kwa miezi 12 kabla ya kuitwa ugonjwa, japo inaweza kutambuliwa mapema ikiwa dalili ni kali. Mwenye dalili hizo anafaa kufikishwa kwa wahudumu wa afya ya akili, na hospitali za rufaa za Meru na Embu ndizo zilizo karibu kwa wakazi wengi wa kaunti hizo. Ni vizuri aende akiwa na mtu wa nyumbani, na taarifa ya M-Pesa ya miezi michache iliyopita, kwani mara nyingi hiyo husema yale ambayo mgonjwa anaona haya kuyatamka.